Je, Wajua? Bei ya Rubani

Kahawa ikishamiminwa barazani, ubishi wa mpira huwa hauishi: ni haki mtu mmoja alipwe mamilioni na wenzake kumi wagawane makombo? Wamarekani nao wanabishana vivyo hivyo. Wao wanambishania kwotabeki, mrusha mpira wa kandanda yao ya kofia ngumu, ambaye siku hizi ndiye mchezaji ghali kuliko wote katika mchezo huo. Leo safu hii imetia nanga Malindi na Kilifi, pwani iliyoujua ubishi huu kabla mpira wenyewe haujafika: anayejua njia, thamani yake ni ngapi?

BAHARINI

1. Je, wajua kwamba nahodha alikuwa wa chombo kabla ya kuwa wa timu? Neno limetoka kwa Waajemi: nau ni chombo, khuda ni bwana wake. Kijana anayejifunga kitambaa mkononi pale uwanja wa Alaskan, Malindi, au Karisa Maitha, Kilifi, amevaa cheo cha baharini pasipo kulowa.

2. Je, wajua kwamba rubani hakuzaliwa angani? Kwa asili ni neno la Kiarabu la mwongoza chombo, yule aujuaye mlango wa bandari na miamba inayojificha maji yakijaa. Ndege zilipokuja zililikuta neno lipo. Zikaliazima, na mpaka leo hazijalirudisha.

3. Je, wajua kwamba hata mwalimu alikuwa mtu wa baharini? Katika vyombo vya Bahari ya Hindi, mwalimu ndiye aliyesoma nyota na kupima njia. Nahodha alishika amri, mwalimu alishika elimu. Kwotabeki amerundikiwa vyote viwili: ndiye anayetangaza mpango, ndiye anayesoma adui alivyojipanga, ndiye anayerusha. Hapo pana nusu ya siri ya bei yake.

4. Je, wajua kwamba usajili maarufu kuliko wote katika historia ya Malindi ulifanyika kwa kumshika mtu mateka? Vasco da Gama alifika hapa katikati ya Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako hakupokewa vizuri. Mfalme wa Malindi akamwahidi rubani wa kumvusha hadi India. Siku zikapita kwa ngoma na michezo ya vita ya wapanda farasi ufukweni, rubani haonekani. Tarehe 22 Aprili mtu wa karibu wa mfalme alipopanda merikebuni, Mreno akamzuia: hashuki mtu mpaka rubani aje. Rubani akaja.

5. Je, wajua kwamba dirisha hilo la usajili lilifungwa na upepo? Merikebu zilitweka 24 Aprili, kusi ikianza kushika. Tarehe 18 Mei wakaiona milima ya India, na 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut. Siku 23 tu kuikata bahari ambayo hakuna hata Mreno mmoja kati yao aliyewahi kuivuka.

6. Je, wajua kwamba jina la rubani huyo linagombaniwa hadi leo? Wengi wamefundishwa kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar. Dai hilo lilitokana na maandishi ya karne ya 16, na wanahistoria wengi wa leo hawalikubali. Waandishi wa Kireno walimwita "Malemo Cana" na kumtaja kuwa mtu wa Gujarat. Hilo "Malemo" si jina la mtu. Ni "mwalimu" iliyopita katika kinywa cha Mreno. Ukienda pale kwenye nguzo ya mawe iliyoko kando ya bahari, jina utakalokuta ni la aliyeongozwa. Aliyeongoza amebaki na cheo tu.

7. Je, wajua kwamba nyota wa Malindi aliyetamba ng'ambo kabla ya rubani huyo alikuwa na miguu minne? Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa China, Yongle. Wachina wakamfananisha na qilin, mnyama wa baraka katika hadithi zao. Usajili ule haukuwa na wakala.

8. Je, wajua kwamba mishahara ya manahodha iliandikwa kitabuni zaidi ya miaka 400 iliyopita? Abul Fazl, waziri wa Akbar wa India, aliorodhesha malipo ya mabaharia katika kitabu chake Ain-i-Akbari. Katika bandari ya Satgaon, nahodha alipata rupia 400, mwalimu 200, karani 50, na baharia wa kawaida 40 pamoja na chakula chake cha kila siku. Kule Kambaya, bandari ya Gujarat iliyofanya biashara na Malindi, nahodha alipanda hadi 800 na wengine wakapanda kwa kiasi hicho hicho. Iandike pembeni hesabu hiyo: nahodha mmoja, mabaharia kumi. Tutaihitaji mbele.

9. Je, wajua kwamba wavuvi wa pwani hii wana kanuni yao ya mishahara, na haihitaji wakili? Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki hugawanywa mafungu. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, nahodha ana lake, kisha mabaharia. Nahodha huweza kuongezwa, wala hakuna anayenung'unika, kwa kuwa ndiye ajuaye samaki walipo. Lakini kila mtu anaiona ndoo. Ukimwongeza mmoja, unajua umempunguza nani.

NG'AMBO

10. Je, wajua kwotabeki hufanya kazi kwa sekunde ngapi? Mara nyingi hazifiki nne. Mpira unapitishwa kati ya miguu ya mwenzake aliyeinama mbele yake, naye anaamua: nirushe, nimkabidhi mkimbiaji, au nikimbie mwenyewe? Wakati huo watu wenye kilo zaidi ya 100 wanamjia kumwangusha. Kati yake na wao wamesimama walinzi watano. Majina ya watano hao hayachapishwi sana kwenye fulana za watoto.

11. Je, wajua kwamba NFL, ligi ya kandanda hiyo ya Wamarekani, inagawana kama wavuvi? Tangu 1994 kila timu imewekewa kikomo cha mishahara. Mwaka huo kilikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2025 kilifika milioni 279.2. Timu tajiri na timu maskini zote zina ndoo ya ukubwa mmoja, na ndani yake lazima watoke wachezaji 53. Ndiyo maana swali la bei ya kwotabeki ni la moto kule. Si kwamba tajiri ana fedha au hana. Swali ni samaki gani watabaki kwa wengine.

12. Je, wajua kwamba Septemba 2024 Dak Prescott wa Dallas Cowboys alikuwa mchezaji wa kwanza wa NFL kufikia dola milioni 60 kwa mwaka? Mkataba wa miaka minne, dola milioni 240. Msimu huo huo aliumia paja baada ya mechi nane, na Dallas ikamaliza kwa kushinda mechi 7 na kupoteza 10.

13. Sasa rudi kwenye ile hesabu ya pembeni. Nahodha wa Satgaon alipata mara kumi ya baharia. Mwaka 2024 mshahara wa chini kabisa wa mchezaji mgeni katika NFL ulikuwa dola 795,000. Milioni 60 ni zaidi ya mara 75 ya kiasi hicho. Abul Fazl angedhani karani wake amekosea kuandika.

14. Je, wajua mkataba wa Prescott ungekuwa kiasi gani sokoni Kilifi? Kwa shilingi 129 kwa dola moja, dola milioni 240 ni karibu shilingi bilioni 31. Mgao ambao Kaunti ya Kilifi ilipata kutoka hazina ya taifa mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa kama bilioni 11.6, kwa ajili ya watu 1,453,787 waliohesabiwa katika sensa ya 2019. Bega moja la kulia limezidi barabara, zahanati na maji ya kaunti nzima kwa miaka miwili na nusu.

15. Je, wajua kwamba rahisi naye anaweza kufika fainali? Brock Purdy alichaguliwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, nafasi ya 262. Msimu wa 2023 alilipwa chini ya dola milioni moja, na akaifikisha San Francisco kwenye fainali ya Super Bowl. Alishindwa na Kansas City 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Sababu ya kufika huko ilikuwa wazi: kwa kuwa yeye alikuwa nafuu, timu ilibaki na fedha za kujaza watu wa maana kila upande. Mei 2025 naye akasaini miaka mitano kwa dola milioni 265. Sasa ndoo yao imekuwa kama ya wengine.

16. Je, wajua kwamba ghali naye huweza kulipa? Patrick Mahomes wa Kansas City alisaini mwaka 2020 mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 450. Msimu wa 2022 yeye peke yake alikula kama asilimia 17 ya kikomo cha timu yake, na bado wakatwaa ubingwa. Kabla yake, hakuna kwotabeki aliyewahi kutwaa Super Bowl akiwa amechukua zaidi ya asilimia 13.1, rekodi hiyo ilikuwa ya Steve Young tangu msimu wa 1994. Kwa hiyo anayesema "haiwezekani" amekosea. Aseme "ni nadra".

17. Na huyu huyu Mahomes, je, wajua siku alizozama? Februari 2021 aliingia fainali akiwa amekosa walinzi wake wawili wa pembeni waliokuwa majeruhi. Tampa Bay wakamfukuza uwanja mzima, wakashinda 31 kwa 9, na Kansas City hawakupata hata mguso mmoja wa mstari wa mwisho. Februari 2025 Philadelphia wakamwangusha mara sita na kushinda 40 kwa 22. Mkono ulikuwa ule ule, akili ile ile. Kilichopungua kilikuwa mbele yake.

18. Je, wajua kwamba unaweza kumlipa nahodha aliyekwishashuka chomboni? Mwaka 2022 Denver walimpa Russell Wilson mkataba mpya wa dola milioni 245. Machi 2024 wakamwacha, na dola milioni 85 zikaendelea kuhesabiwa kwenye kikomo chao kwa misimu miwili. Wakamweka kijana mgeni, Bo Nix, kwa mshahara mdogo. Wakashinda mechi 10 na kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2015.

19. Je, wajua kwamba mjukuu wa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda alilipwa kuwaangusha makwotabeki? Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, alisajiliwa na New York Giants mwaka 2006. Februari 2012 alikuwemo katika timu iliyomshinda Tom Brady 21 kwa 17 katika Super Bowl. Hii ni kazi iliyozaliwa na bei ya kwotabeki: mkono mmoja ukiwa na thamani kubwa, na anayeujeruhi hupanda bei.

20. Je, wajua kwamba Mkenya wa kwanza kucheza NFL alikuwa mwanaraga? Daniel Adongo aliyekuwa akicheza raga New Zealand na Afrika Kusini alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, na Desemba mwaka huo akashuka uwanjani. Alikuwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya kandanda ya Kimarekani kabla ya kusajiliwa.

UWANJANI KWETU

21. Je, wajua kwamba Kiswahili kilimaliza ubishi huu kwa neno moja? Anayecheza katikati ya uwanja tunamwita kiungo. Kiungo ni kinachounganisha, kama goti au kiwiko. Kiungo pia ni kile kinachotiwa chunguni: hiliki, mdalasini, karafuu. Pilau bila viungo ni wali. Lakini hakuna mpishi Malindi anayeuza mchele ili anunue hiliki.

22. Je, wajua kwamba Mkenya aliyetikisa soko la Ulaya hakuwa mfungaji wala mchezeshaji? Victor Wanyama alikuwa kiungo mkabaji, mtu wa kuzoa mipira na kuziba mapengo. Novemba 2012 aliifunga Barcelona kwa kichwa akiwa Celtic. Julai 2013 Southampton wakamnunua kwa pauni milioni 12.5, bei ambayo wakati huo ilikuwa rekodi kwa mchezaji kuuzwa na klabu ya Scotland, naye akawa Mkenya wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2016 Tottenham wakatoa milioni 11. Nduguye, McDonald Mariga, naye kiungo, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010. Familia moja, wafanyakazi wawili wa injini.

23. Je, wajua kwamba mtu mmoja anaweza kufunga mabao manane na bado swali likabaki? Tarehe 24 Novemba 2019 Michael Olunga alifunga manane Kashiwa Reysol ilipoipiga Kyoto Sanga 13 kwa 1. Mwaka uliofuata alifunga 28 katika ligi kuu ya Japani, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Timu yake ilimaliza ya saba. Januari 2021 akauzwa Al-Duhail ya Qatar, na Kashiwa ikaporomoka hadi nafasi ya 15. Kila mbishi achukue kipande chake. Anayetetea nyota ataonyesha ile ya 15. Anayempinga ataonyesha ile ya saba. Wote wawili wana haki: nyota alikuwa anaizuia mashua isizame, lakini hakuweza kuifikisha bandarini.

24. Je, wajua Mbwana Samatta alikuwa na nani Genk? Msimu wa 2018/19 Mtanzania huyo alifunga mabao 23 ya ligi, na Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Lakini chombo kilijaa: Leandro Trossard, Ruslan Malinovskyi, Sander Berge. Januari 2020 akahamia Aston Villa iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja. Alifunga kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, 1 Machi 2020, Villa ikafungwa 2 kwa 1. Septemba akawa amekwenda Uturuki. Miguu haikubadilika, kilichobadilika ni waliomletea mpira.

25. Je, wajua kwamba Yanga walimuuza mfungaji wao na bado wakala ubingwa? Fiston Mayele alifunga mabao saba akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika 2022/23. Aliifikisha Yanga fainali, ambako USM Alger walitwaa kombe kwa bao la ugenini tu. Akaenda Pyramids ya Misri. Yanga hawakulia muda mrefu. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki, kiungo, alifunga mabao 21, Yanga wakawa mabingwa tena na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns.

26. Je, wajua kwamba nyota anaweza kuuzwa na fedha zisionekane? Januari 2013 Simba walimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Malipo hayakuja, na kesi ikafika FIFA. Kabla mwaka haujaisha Okwi alikuwa amerudi Dar es Salaam, na jezi aliyovaa ilikuwa ya Yanga.

27. Je, wajua kwa nini Mkenya mwenye kipaji siku hizi hutazama kusini kabla ya kutazama Ulaya? Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania kwa miaka kumi, shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Huku kwetu, Agosti 2019 SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa michezo, na Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zikitazamana. Hata kabla ya mkataba huo wa Azam, Francis Kahata alitoka Gor kwenda Simba mwaka 2019, Joash Onyango akamfuata 2020. Hakuna aliyewaiba. Walifuata mahali ndoo ilipojaa.

28. Je, wajua kwamba timu kubwa ya Pwani haikusimama juu ya nyota mmoja? Bandari ya Mombasa, timu ya Mamlaka ya Bandari za Kenya, ilimaliza ya pili katika ligi mwaka 2018, ikamaliza ya pili tena msimu wa 2018/19, na mwaka 2019 ikachukua Kombe la FKF. Nguvu ya timu za mashirika ni jambo dogo ambalo halipati picha gazetini: mshahara unaofika kwa wote, kwa tarehe yake.

29. Je, wajua ubishi huu ulivyoishia Barcelona? Januari 2021 gazeti la El Mundo liliandika kwamba mkataba wa miaka minne wa Lionel Messi ulikuwa na uwezo wa kufika euro milioni 555. Miezi michache kabla, Agosti 2020, Messi akiwa uwanjani, Bayern Munich waliwapiga Barcelona 8 kwa 2. Agosti 2021 klabu ikashindwa kumwandikisha kwa sababu ya kikomo cha mishahara cha ligi ya Hispania, akaondoka. Mchezaji bora wa zama zake, na mahali pake palikuwa pameliwa na hesabu.

NYUMBANI

30. Je, wajua kwamba Kilifi kuna mpira ambao tangu mwanzo haukujengwa juu ya nyota? Mwaka 2001 shirika la Moving the Goalposts lilianza kuwachezesha wasichana wa Kilifi. Wasichana hao hao ndio wachezaji, ndio marefa, ndio makocha, ndio watoa huduma ya kwanza. Ukitaka kujua thamani ya mtu asiyeonekana uwanjani, muulize aliyeshika filimbi leo na kesho akavaa jezi.

31. Je, wajua methali ipi itakusaidia barazani? Anayetetea nyota aseme: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Anayempinga ajibu: kidole kimoja hakivunji chawa. Na mwenye timu mbovu anayetafuta nyota wa bei mbaya anong'onezwe: chombo cha kuzama hakina usukani.

32. Na la mwisho. Je, wajua Vasco da Gama alirudije Malindi? Kwenda, tuliona, siku 23. Kurudi alitweka kutoka kisiwa cha Anjediva, India, 5 Oktoba 1498, kabla kaskazi haijakaza. Wakazungushwa na upepo wa mbele na bahari iliyolala kimya kwa karibu miezi mitatu. Kiseyeye kikawavimbisha ufizi na miguu. Watu 30 wakafa njiani, juu ya 30 waliokwishakufa kabla, na katika kila merikebu wakabaki saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi.

Tarehe 7 Januari 1499 wakatia nanga Malindi. Kitu cha kwanza walichotuma kuomba mjini kilikuwa machungwa, kwa ajili ya wagonjwa. Siku chache baadaye, kwenye mafungu ya mwambao wa Tanga, da Gama aliichoma moto merikebu yake moja, São Rafael. Haikuwa imepotea. Njia ya kurudi Ureno walikuwa wameshaijua. Merikebu iliungua kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Basi mlipeni rubani, tena mlipeni vizuri. Malindi haijawahi kubisha hilo. Ila kabla ya kumtia kalamu mkononi, hesabuni waliobaki wa kuvuta kamba.